Laini ya Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Januari 2024

Meseji imeingia kabla hata sijanywa chai. Nyotanet, kampuni yetu ya intaneti, inayo furaha kunijulisha kwamba kuanzia mwezi ujao bei itapanda, "ili tuzidi kukuhudumia vyema." Furaha! Januari iliyopita walikuwa na furaha hiyo hiyo. Januari ya kabla yake pia. Watu gani hawa wanaofurahi kila Januari wakati sisi wengine tunalipa karo?

Nimemsomea Leonida kwa sauti ya hasira. Mke wangu ni mwalimu wa gredi ya tatu, kelele amezizoea. Akasema tulipe tu. Akasema mwezi huu anataka kitu kimoja: Jumamosi ya tarehe ishirini na saba intaneti iwe inafanya kazi. Siku hiyo binti yetu Lynette anahitimu uuguzi ng'ambo, kule Ailandi. Viza ilitushinda. Sherehe itaonyeshwa moja kwa moja mtandaoni, na kuitazama ndiko kuhudhuria kwetu.

Nikamwambia hilo aniachie mimi. Sikupenda alivyonitazama.

Jioni nikapita dukani kwa Irungu, jirani yetu hapa mtaa wa Kapsoya. Yeye yuko na kampuni nyingine. Akaniambia bei yake haijapanda. Nikajifanya sikusikia. Akarudia, huku akimpimia mteja sukari.

Mimi na Irungu tumetoka mbali. Mwaka wa 2008 mambo yalipochacha baada ya uchaguzi, yeye na mkewe Wahu walikimbilia Nakuru usiku bila hata viatu vya kubadilisha. Mali ya duka lake tuliificha chumbani kwetu. Leonida na mimi tulilala juu ya magunia ya unga mpaka migongo ikachukua umbo la magunia. Vijana waliokuwa wakisaka watu wa kabila lake walipokuja kuuliza kama tuna mali ya "hao watu," nilisema hatuna. Irungu aliporudi tulikumbatiana tukalia kama watoto. Kisha akahesabu mali yake, akasema mche mmoja wa sabuni haupo.

Mpaka leo! Nikinunua sabuni kwake ananitazama. Sasa alitaka tuoge na nini, majivu?

Jumatano, 10 Januari

Siku njema sana. Nimesoma mkataba wa Nyotanet wote kwenye simu, kuanzia juu mpaka chini. Nadhani mimi ndiye mtu wa kwanza Uasin Gishu kufanya hivyo. Ofisini walidhani nauza bima. (Nilitakiwa niwe nauza bima.)

Nikakipata. Kifungu kitamu kuliko vyote nilivyowahi kusoma. Kampuni ikipandisha bei kabla mkataba haujaisha, mteja ana haki ya kutoka ndani ya siku thelathini, bila faini, mradi arudishe rauta yao. Haki! Nilisimama nikazunguka meza.

Si kwamba nataka kutoka. Nani anataka kutoka? Intaneti yenyewe ni nzuri. Lakini mtu anayeweza kuondoka hubembelezwa. Marvin wa meza ya pili anasema Nyotanet wana watu walioajiriwa kazi yao kubembeleza tu. Binamu yake alitishia kutoka, akapewa nusu bei mwaka mzima.

Mpango ni huu. Nitasema natoka. Watabembeleza. Nitakataa. Watabembeleza zaidi. Nitakubali shingo upande. Kisha nitapita dukani kwa Irungu nimtajie bei yangu. Nitarudia.

Leonida ameniuliza kama mpango huu una hatari yoyote kwa tarehe ishirini na saba. Nikamuuliza ni lini nimewahi kumwangusha. Akavuta pumzi aanze kujibu, nikakumbuka nina shughuli nje.

Alhamisi, 11 Januari

Nimepiga simu Nyotanet. Muziki wa kungoja ni wimbo mmoja tu na haufiki kwenye kiitikio. Hatimaye akapokea msichana mwenye sauti tamu, anaitwa Janice. Nikamwambia kwa uzito wote kwamba ninatumia haki yangu ya kutoka. Akasema sawa, na je, anaongea na Tryphosa Nekesa?

Hapo nikakumbuka.

Nieleze, maana huenda siku moja wajukuu wakasoma. Nyotanet huwapa wateja wapya miezi mitatu ya kwanza kwa nusu bei. Wateja wapya tu. Kwa hiyo mtu mwenye akili huwa mpya kila mkataba unapoisha. Mwanzoni nilikuwa mpya kwa jina langu, Javan Wamalwa. Kisha kwa jina la Leonida. Kisha kwa jina la ndugu yangu Wangila. Mkataba wa mwisho nilikuwa nimeishiwa na watu, nikakumbuka nina picha ya kitambulisho cha mama mkwe kwenye simu, niliyopiga tulipokuwa tukimsajilisha apate mbolea ya serikali. Yeye hajui. Leonida hajui. Sikuona sababu ya kuwasumbua.

Nikalegeza koo, nikaiga sauti ya kike, nikamwambia Janice kwamba ndiyo, ni mimi Tryphosa. Akanipa pole kwa kikohozi. Akauliza tarehe yangu ya kuzaliwa. Sasa hiyo nani anaijua? Mama mwenyewe husema alizaliwa nzige walipokuja. Nikamjibu hivyo hivyo. Akasema kwa adabu kwamba itabidi Mama afike ofisini kwao mjini, yeye mwenyewe na kitambulisho chake.

Jumamosi, 13 Januari

Nimefikiri siku mbili. Tatizo ni zito kuliko linavyoonekana.

Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Hawakai sebule moja, seuze kulala nyumba moja. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Mimi na Mama Tryphosa tumeheshimiana hivyo tangu nimwoe binti yake, na hatujawahi kukosana hata siku moja. Ningependekeza desturi hii kwa kila mtu.

Lakini sasa namtaka ofisini, mezani, mbele ya Janice, naye yuko kwake Turbo na mahindi yake. Siwezi kumpigia simu. Siwezi kumpakia garini. Siwezi hata kumweleza.

Saa nane mchana, ufumbuzi! Nikamwambia Leonida kwamba si vizuri Lynette ahitimu bila bibi yake kuona. Nikasema Mama aje mapema, apumzike, azoee baridi ya huku. Leonida aliweka chini kisu cha sukuma wiki. Akanikumbatia. Akasema hakujua nina moyo wa namna hii.

Niliguswa. Kwa dakika kadhaa nilisahau kabisa kwamba ilikuwa hila.

Lakini atalala wapi? Kwetu haiwezekani. Leonida akasema atalala kwa Wahu, Wahu atafurahi. Yaani kwa Irungu. Kwa Irungu!

Ijumaa, 19 Januari

Mama Tryphosa amefika na kuku wawili, ndizi, na kikapu ambacho haruhusu mtu kukibeba. Nilikuwa nimejiweka nyuma ya tangi la maji. Yeye akageukia ukuta, mimi nikageukia geti, tukasalimiana vizuri sana. Akauliza kuta zetu zina afya gani, namna anavyouliza siku zote, akimaanisha mimi. Nikaliambia geti kwamba tuko salama.

Kisha ikabidi nimwambie Irungu. Hakuna njia nyingine. Anahitajika mtu wa kumpeleka Mama na kumpa maneno, na huyo hawezi kuwa mimi. Nikamweleza yote nyuma ya duka, kwa sauti ya chini. Irungu alicheka mpaka akashika gunia la maharagwe. Wahu akaja kuona kama ameugua. Akamsimulia Wahu mbele yangu. Wahu akacheka pia, halafu akauliza kama Leonida anajua. Nikasema atajua mambo yakishakuwa mazuri.

Irungu amekubali. Maagizo ni rahisi. Mama aseme anataka kutoka. Wakimpa chochote, akatae. Wakiongeza, akatae. Mimi nitakuwa ofisini hapo hapo, pembeni, kwa heshima. Bei ikifika chini kabisa, nitavua kofia na kuiinua. Irungu akiona kofia, anamwambia Mama akubali.

Hakuna pa kuharibikia.

Jumatatu, 22 Januari

Naandika taratibu ili nielewe.

Tulifika kwa mafungu. Mama na Irungu kwenye pikapu ya Irungu, mimi kwa miguu kutoka kazini. Ofisi ya Nyotanet ina meza nne na bango kubwa la familia inayochekelea intaneti. Nikasimama nyuma ya bango. Kutoka hapo namwona Janice, nawasikia wote, na Mama haoni zaidi ya kofia yangu. Safi kabisa.

Mama akaketi. Gauni la kanisani, kitambaa kichwani, mgongo umenyooka. Ni mwenyekiti wa akina mama wa parokia yao. Sikulifikiria hilo vya kutosha.

Akasema anataka kutoka. Janice akaanza kubembeleza! Binamu ya Marvin hakusema uongo. Kwanza akampa bei ya mwaka jana. Mama akakataa. Akampa nusu bei miezi sita. Mama akakataa. Nikashika ukingo wa kofia.

Wakati huo huo mtu akaingia akisema kanjo, askari wa kaunti, wanafunga mnyororo gurudumu la pikapu nyeupe. Irungu akatoka mbio.

Na Janice, mtoto wa watu, akainama mbele akasema, "Mama, nakupea nusu bei mwaka mzima na speed mara mbili. Hii offer hatupeangi mtu."

Nusu bei! Mwaka mzima! Nikavua kofia. Nikaiinua. Irungu hayupo. Nikaipunga. Nikatoka nyuma ya bango nikaipunga kwa mikono miwili. Mama Tryphosa akaniona. Akaona mkwe wake, kichwa wazi, anarukaruka mbele yake. Na kama mwanamke mwenye adabu afanyavyo, akafunika uso na leso na kugeukia upande mwingine.

Kule nje Irungu, akiwa katikati ya kugombana na kanjo, aliniona kupitia kioo. Akavua kofia yake akanipungia.

Ningeweza kuita. Ningeweza kukimbia mpaka mezani niseme kubali, Mama, kubali! Miguu ilikataa. Miaka yote hii sijawahi kuketi na mama mkwe meza moja, na mwili wangu haukujua jambo hilo hufanywaje.

Janice akauliza, "Mama, uko sure?" Mama akajibu bila kumgeukia, "Sitaki, mtoto yangu. Mimi nataka kutoka tu." Akaweka kidole gumba. Janice akamshukuru kwa kuwa mteja wao. Laini itakatwa Jumatano, rauta turudishe baadaye.

Alipotoka alikuwa ameridhika sana. Alimwambia Irungu kwamba walimjaribu vikali, lakini alisimama imara kama alivyoagizwa.

Jumatano, 24 Januari

Imekatwa. Taa ya kijani kwenye rauta ikawa nyekundu, kisha haikuwa na rangi.

Nimepiga Nyotanet. Janice amesikitika kwa dhati. Anasema haki ikishatumika imetumika. Naweza kuomba laini mpya, mafundi wana foleni, tutegemee mwezi wa pili. Kampuni ya Irungu nayo mafundi wake wako Kaptagat wiki nzima, kwenye kambi za wakimbiaji. Nimenunua bando la simu. Hapa kwetu mtandao wa simu unashika sehemu moja tu, juu ya jiwe lililo karibu na geti, na hata hapo picha ya Lynette inaganda mdomo ukiwa wazi.

Leonida amerudi kutoka shule. Nilikuwa nimepanga kusema ni hitilafu ya mtaa mzima. Nilianza vizuri. Akauliza mbona kwa Irungu iko. Basi yakatoka yote: nusu bei, mbolea, kitambulisho, bango, kofia.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza tu, "Kitambulisho cha mamangu, Javan? Na graduation ya mtoto?" Akaketi kitandani na begi la vitabu bado begani. Akalia kidogo, bila sauti. Alipigania karo ya mtoto yule miaka mingapi! Alifundisha tuition mpaka sauti ikakauka. Na sasa asimwone siku moja anayoitwa jina lake.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Nikaenda nyuma nikafua soksi zote za nyumba hii.

Alhamisi, 25 Januari

Irungu amekuja mlangoni mwenyewe, asubuhi, kabla ya kufungua duka. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Aliongea na Leonida, si mimi. Alisema Jumamosi sote twende kwake. Wahu ameshaosha vitambaa vya viti. Televisheni yake ni kubwa na intaneti yake haina shida. Alisema Lynette ni mtoto wao pia, alijifunza kutembea akishika kaunta ya duka lake.

Leonida akamshukuru, na macho yakamjaa tena. Irungu akatazama chini. Akasema kuna mwaka nyumba hii ilibeba duka lake zima.

Akafika getini, akageuka. Akasema ingawa ule mche wa sabuni hajausahau.

Huyo ndiye Irungu. Nampenda sana, na simvumilii.

Jumamosi, 27 Januari

Sherehe ilianza alasiri. Wote wakaingia sebuleni kwa Irungu. Leonida kwa gauni la zambarau, Wahu, Irungu na tai, Wangila aliyetoka Kitale, na Mama Tryphosa kwenye kiti cha mbele kabisa, maana anatazamwa mjukuu wake.

Mimi nikabaki uani. Sebule ni moja, na mama mkwe yumo.

Wahu alikuwa amelifikiria. Alimgeuza Mama ampe dirisha mgongo, akavuta pazia upande mmoja, akaniwekea kreti ya soda nisimame juu yake. Manyunyu yalikuwa yameanza. Leonida akanitolea mwavuli. Nilimwambia asante. Akaniweka sawa kola.

Majina yalikwenda, yalikwenda. Watu wa Ailandi wana majina mengi. Kisha akatokea! Joho jeusi, kofia, viatu virefu ambavyo hajui kutembea navyo. Wakaita Lynette Wamalwa. Walikosea kidogo kulitamka, lakini ni letu. Mama Tryphosa akapiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakajibu. Leonida alisimama akaigusa televisheni kwa kiganja. Irungu alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na tatizo. Mimi nililia nikiwa juu ya kreti, na kwa kuwa ilikuwa mvua hakuna aliyejua.

Sidhani kama ningeona vizuri zaidi nyumbani kwangu.

Baadaye akapiga simu ya video. Akauliza Baba yuko wapi. Nikapitishiwa simu dirishani. Akaniuliza kwa nini nimenyeshewa. Nikasema nilitaka kukaa karibu na hewa safi. Akacheka. Kisha akasema ana mtu anataka tumwone. Akatokea kijana mrefu, mpole, anaitwa Kipyego. Wanafanya kazi hospitali moja. Kwao ni Kaptagat, hapa hapa juu! Alinisalimia kwa Kiswahili safi, akaniita Mzee, akasema wazazi wake wangependa kuja kutuona mwezi wa nane kama tutawaruhusu.

Niliruhusu papo hapo. Nilikaribia kuanguka kutoka kwenye kreti.

Jumatatu, 29 Januari

Amani imerudi. Leonida anakaanga maandazi na anaimba. Mama Tryphosa amerudi Turbo na sukari ya Wahu kikapuni. Kabla ya kuondoka aliuambia ukuta kwamba hana kinyongo, ila mwenye ukuta akihitaji kitambulisho chake tena aombe. Nililiambia geti kwamba nimesikia. Nimemwahidi Leonida mbele ya Wangila: sitatumia tena jina la mama yake, wala lake, wala la mtu yeyote wa ukoo huu. Niliahidi kwa moyo mweupe.

Adhuhuri meseji ikaingia kutoka Nyotanet. Wana furaha kunijulisha kuhusu ofa ya Februari. Wateja wapya, nusu bei miezi minne. Minne! Nikaifuta. Ahadi ni ahadi.

Wakati wa chai Leonida alikuwa akihesabu wageni wa mwezi wa nane kwa vidole. Baba yake Kipyego, mama yake, shangazi, na kaka zake wakubwa watatu, wote wana mashamba yao. Watu wazuri, anasema, wa kanisa, wakarimu. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama huko juu wana intaneti. Akasema Lynette alimwambia hawana, hawajawahi kuwa nayo hata siku moja.

Nimekula maandazi sita. Nimeanza kumpenda sana kijana huyu.